Kwa Ombi la Mume: Kisa cha Elizabeth Packard

Mwaka 1851 jimbo la Illinois nchini Marekani lilifungua hospitali yake ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika mji wa Jacksonville, na mwaka huohuo bunge la jimbo likatunga sheria ya kueleza nani atapokewa humo na kwa utaratibu gani. Kwa watu wengi utaratibu ulikuwa wa tahadhari: ushahidi wa ugonjwa ulitakiwa utolewe na kupimwa kabla mtu hajafungiwa. Lakini kifungu kimoja kiliwatoa watu wa aina mbili katika kinga hiyo, yaani wanawake walioolewa na watoto. Hao wangeweza kupokewa na kuzuiliwa kwa ombi la mume au mlezi, ilimradi daktari mkuu wa hospitali aone kwamba akili zao zimeharibika, bila ushahidi uliotakiwa kwa wengine.

Waliokitunga kifungu hicho hawakuwa watu katili. Hospitali yenyewe ilipatikana kwa jasho la mwanamke, Dorothea Dix, mwalimu kutoka Massachusetts aliyekwenda jimbo hadi jimbo akiwaeleza wabunge jinsi wagonjwa wa akili walivyofungwa minyororo magerezani na katika vibanda. Ni yeye aliyewashawishi wabunge wa Illinois mwaka 1847 wakubali kujenga. Wabunge waliamini kwamba mume ndiye mlinzi wa mkewe. Sheria ya ndoa waliyorithi kutoka Uingereza ilimhesabu mke kuwa ameingia ndani ya nafsi ya mumewe: ujira wake ulikuwa wa mume, na watoto aliowazaa walikuwa wa baba. Mtu akishaamini hivyo, kumsimamisha mke mahakamani kabla ya kumlaza hospitalini kunaonekana kuwa ni kumfedhehesha bure. Hapo ndipo panapotaka macho makali, kwa kuwa madhara mengi waliyotendewa wanawake kwa jina la tiba ya akili yametendwa na watu waliojiona wanawalinda.

Elizabeth Parsons Ware alizaliwa mwaka 1816 katika mji wa Ware, Massachusetts, binti wa mchungaji. Alipata elimu nzuri kuliko wasichana wengi wa wakati wake, na akafundisha shule. Alipokuwa na miaka 19 aliugua homa kali, akaweweseka, na baba yake akampeleka kwa muda mfupi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester. Alipona akarudi nyumbani. Mwaka 1839 aliolewa na mchungaji Theophilus Packard, aliyemzidi umri kwa karibu miaka 14, rafiki wa baba yake. Walipata watoto sita. Baada ya kuhama mara kadhaa waliishia Manteno, kijiji cha wakulima kando ya reli, kusini mwa Chicago.

Kwa miaka mingi hapakuwa na jambo la kuandikwa. Elizabeth alipika, alishona, alilima bustani, alizaa na kulea. Mumewe alihubiri mafundisho ya Calvin kwa ukali wa zamani: kwamba binadamu huzaliwa ameoza kwa dhambi, na kwamba Mungu amekwisha kuamua tangu awali nani ataokoka na nani atapotea. Elizabeth, kadiri watoto walivyokua, hakuweza kuamini kwamba kichanga aliyemnyonyesha ni mwovu tangu tumboni. Akasoma, akafikiri, akaanza kusema. Katika darasa la Biblia kanisani alitoa maoni yake na wanadarasa wakamsikiliza kwa hamu. Hilo lilimtia mchungaji katika aibu ambayo pengine sisi tulio mbali na kijiji kile hatuwezi kuipima sawasawa. Kanisa lilikuwa ajira yake, heshima yake na chakula cha watoto wake, na mkewe alikuwa akibishana na mahubiri yake mbele ya waumini wake. Akamtaka aache kutoa maoni darasani. Alipoona mke haachi, na anazungumzia kujitoa kanisani kwake na kujiunga na Wamethodisti, akaanza kusema kwamba akili yake imevurugika. Ile homa ya Worcester, iliyokuwa imesahauliwa zaidi ya miaka 20, ikafukuliwa na kuwa ushahidi.

Asubuhi ya tarehe 18 Juni 1860, Theophilus alifika chumbani kwa mkewe akiwa na madaktari wawili waumini wa kanisa lake na ofisa wa serikali. Elizabeth ameeleza mwenyewe kwamba alikuwa akijiandaa kuoga, akafunga mlango, na mumewe akapasua dirisha kwa shoka ili aingie. Madaktari walimshika mkono wakahesabu mapigo ya moyo, kisha wakasema ana wazimu. Hawakumuuliza swali. Alikataa kwenda kwa miguu yake, kwa sababu alitaka kila aliyekuwepo ashuhudie kwamba anachukuliwa kwa nguvu, ikabidi wanaume wawili wambebe hadi kwenye treni. Watu wa kijiji walikuwa wamekusanyika kituoni. Wapo waliomwonea huruma, lakini aliyekuwa na sheria mkononi alikuwa mume. Nyumbani alibaki mtoto wa mwaka mmoja na nusu, na binti wa miaka 10 ambaye kuanzia siku ile alitwishwa kazi za mama.

Daktari mkuu wa Jacksonville alikuwa Andrew McFarland, msomi mwenye sauti ya upole na sifa nchi nzima. Wakati huohuo alikuwa rais wa chama cha wakuu wa hospitali za wagonjwa wa akili, kilichoanzishwa mwaka 1844 na madaktari 13, chama ambacho leo kinajulikana kama American Psychiatric Association. Basi Elizabeth Packard hakuangukia mikononi mwa mganga wa kichochoroni. Aliangukia kwa daktari aliyekuwa kilele cha taaluma nzima.

Mwanzoni McFarland alimstahi. Alimweka katika wodi ya wanawake watulivu, akazungumza naye kwa muda mrefu, akamruhusu atembee. Elizabeth aliamini kwamba mtu mwenye elimu kiasi kile ataona kosa na kumwachia. Siku zilipita, akaanza kutazama wenzake. Alikuta wake wengine walioletwa kwa ombi la waume, ambao kwa maoni yake hawakuwa na ugonjwa wowote. Aliona pia wahudumu wakiwapiga wagonjwa na kuwazamisha katika maji baridi kama adhabu. Akaandika waraka wa kumkemea daktari mkuu, akimtaka arekebishe hospitali yake, la sivyo atamwanika mbele ya umma. Jibu lilikuwa kuhamishiwa wodi ya nane, walikowekwa wagonjwa wakali na waliojichafua, mahali pa uvundo na kelele za usiku kucha.

Alichokifanya huko ndicho kinachonifanya nimheshimu kuliko hata ushindi wake wa baadaye. Aliomba maji, sabuni na matambara, akaanza kuwaogesha wanawake mmoja baada ya mwingine, akawachana nywele, akafua, akasugua sakafu na vitanda. Aliendelea kusaidia hivyo siku baada ya siku. Na alikuwa akiandika. Alipokatazwa karatasi, aliandika kwenye vipande alivyovipata na kuvificha. Huko tiba ya akili ilimwona kama mgonjwa, naye akawa shahidi wake. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua juu ya maisha ya wagonjwa wanawake ndani ya hospitali za karne ile tunayajua kupitia watu kama yeye, walioandika kwa siri kile ambacho faili la daktari halikuwa na nafasi yake.

McFarland hakubadili msimamo wake. Alikiri kwamba mwanamke huyu anafikiri vizuri katika karibu kila jambo, lakini akashikilia kwamba ana wazimu wa siri uliojificha chini ya akili hiyo nzuri. Kwa muda mrefu alikuwa akiutafuta wazimu huo, na alipobanwa aliuelezea kwa imani zake za dini na kwa chuki aliyokuwa nayo kwa mumewe. Ni kweli kwamba Elizabeth alikuwa na imani zisizo za kawaida, kati ya hizo zile za kuiona sura ya kike ndani ya Mungu, na alizitetea kwa maneno mengi. Wapo wanahistoria wanaoona kwamba madaktari wake hawakuwa wakizua tu. Lakini mantiki ya McFarland ilikuwa kama mtego wa panya: akilalamika ni dalili, akitulia ni ujanja wa kuficha dalili, akimpenda mumewe amepona, akimchukia bado mgonjwa. Mtu hawezi kuthibitisha uzima wake mbele ya hakimu ambaye kila ushahidi kwake ni ushahidi wa upande mmoja.

Aliachiwa Juni 1863, baada ya miaka mitatu, kwa maelezo kwamba hatibiki. Alikaa kwa ndugu kwa muda, kisha akarudi Manteno kwa ajili ya watoto. Mumewe alimfungia katika chumba cha watoto, akapigilia madirisha misumari, huku akipanga kumpeleka hospitali nyingine huko Massachusetts, mbali na majirani waliokuwa wameanza kuuliza maswali. Ilikuwa majira ya baridi kali. Elizabeth alifaulu kupenyeza barua dirishani ikamfikia rafiki yake, Sarah Haslett, na bibi huyo akaenda kwa jaji Charles Starr wa Kankakee. Hapa sheria ya 1851 iligongana na haki nyingine ya zamani. Sheria ilimruhusu mume kumfungia mke hospitalini, lakini haikusema popote kwamba anaweza kumfungia nyumbani kwake. Jaji akatoa amri mtu anayeshikiliwa aletwe mbele yake pamoja na sababu za kumshikilia. Theophilus akaja mahakamani na jibu lake: mke wangu ana wazimu. Jaji akaamua kwamba swali hilo litajibiwa na jopo la raia 12, wote wanaume, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuketi humo.

Kesi ilisikilizwa Januari 1864 kwa siku tano, na chumba cha mahakama kilijaa wanawake. Mashahidi wa mume walikuwa watu wa kanisa lake na ukoo wake. Dada wa Theophilus na shemeji yake walieleza kwamba mwanamke huyu alipinga mafundisho, alitaka kujitoa kanisani, alikasirika. Daktari mmoja, Brown, alikuwa amemtembelea akijifanya muuza vyerehani ili ampime bila yeye kujua. Walizungumza juu ya mashine, kisha juu ya dini na haki za wanawake, na daktari akaondoka na sababu 15 za kumwita mwenda wazimu. Kati ya sababu hizo ilikuwamo kwamba anachukia kuitwa mwenda wazimu, na kwamba anadai mawazo yake yametangulia wakati wake. Nimejaribu kuyasoma maelezo hayo kwa jicho la daktari aliyeyaamini. Alikuwa mtu wa wakati wake, aliyefundishwa kwamba mke mwenye afya hukubaliana na mumewe, na alichokipima kwa mwanamke huyu kilikuwa umbali wake kutoka kwenye ukubalifu huo.

Kwa upande wa Elizabeth walisimama majirani walioshuhudia nyumba safi na watoto waliotunzwa. Shahidi wa mwisho alikuwa Dakta Duncanson, tabibu na mwanatheolojia, aliyekuwa amezungumza naye kwa saa tatu. Alisema hakubaliani na kila anachoamini, lakini hawaiti watu wenda wazimu kwa sababu ya kutofautiana naye, na kwamba mawazo yale yana mizizi yake katika vitabu vya wanatheolojia wanaojulikana. Jopo lilitoka tarehe 18 Januari likarudi baada ya dakika saba. Lilimkuta na akili timamu. Wanawake walishangilia na kupunga leso.

Shangwe ilikuwa fupi. Theophilus alikuwa amekwisha kuondoka kwenda Massachusetts, amechukua watoto na vitu vya ndani, na nyumba ameipangisha kwa watu wengine. Elizabeth alitoka mahakamani mwenye akili timamu kisheria, akiwa na umri wa miaka 47, bila nyumba, bila fedha, bila mtoto hata mmoja, na sheria ikamwambia kwamba mume hakutenda kosa lolote.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia kwenye zile dakika saba. Mimi naona kazi kubwa ilianza hapo. Aliandika kitabu cha mambo aliyoyapitia, na kwa kuwa hakuwa na fedha za mchapaji aliuza tiketi kwa senti 50, kila tiketi ikiwa ahadi ya nakala moja kitabu kitakapotoka. Akaenda mji hadi mji, treni hadi treni, akibisha hodi ofisini na dukani. Vitabu vikauzwa kwa maelfu, na fedha hizo zikamwezesha kuishi na kuwakabili wabunge. Mwaka 1867 bunge la Illinois lilipitisha sheria kwamba hakuna mtu, awe mke au mwingine yeyote, atakayefungiwa hospitalini kwa sababu ya wazimu bila shauri kusikilizwa na jopo la raia. Kamati ya bunge ikaenda Jacksonville kuhoji mashahidi, ikakuta ukatili, ikapendekeza McFarland aondolewe. Wadhamini wa hospitali walimkingia kifua, akabaki hadi mwaka 1870, kisha akafungua hospitali yake binafsi mjini humohumo. Mwaka 1869 Elizabeth aliwapata tena watoto wake wadogo, akawalea Chicago. Hakudai talaka. Mwaka 1872 jimbo la Iowa lilipitisha sheria aliyoipigania, iliyompa mgonjwa haki ya kutuma barua zisizosomwa na daktari, na kuunda kamati ya ukaguzi ambayo lazima iwe na mwanamke. Aliendelea kusafiri na kushinikiza mabunge hadi uzeeni, akafariki mwaka 1897.

Madaktari walimchukia. Walisema kwamba kumburuta mgonjwa mbele ya jopo, hadharani, kama mwizi wa ng'ombe, kunamzidishia ugonjwa na kuwafanya jamaa wachelewe kumleta kutibiwa. Hoja hiyo haikuwa upuuzi, na jaribio lake kubwa lilikuja mapema kuliko mtu yeyote alivyotarajia.

Mei 1875, Mary Todd Lincoln, mjane wa rais aliyeuawa, alifikishwa mbele ya jopo la wanaume 12 mjini Chicago chini ya utaratibu uliotokana na juhudi za Packard. Mshitaki wake alikuwa mwanawe Robert. Mama huyu alikuwa amezika watoto watatu kati ya wanne. Mumewe alipigwa risasi kando yake mwaka 1865, wakiwa wameketi pamoja kwenye jumba la maonyesho. Aliogopa moto, alisikia sauti, alinunua vitu asivyovihitaji, alibeba hati za fedha alizozishonea ndani ya nguo. Kwamba alikuwa na mateso ya akili si jambo la kubishia. Lakini kesi ilifanyika siku ileile aliyoarifiwa. Wakili aliyesimamishwa upande wake, Isaac Arnold, hakuita shahidi hata mmoja, na madaktari kadhaa waliotoa maoni hawakuwa wamempima. Kwa saa chache tu jopo likamwita mwenda wazimu, akapelekwa hospitali binafsi ya Batavia.

Aliyempigania alikuwa rafiki yake Myra Bradwell, mwanzilishi wa gazeti la sheria la Chicago Legal News. Bradwell alikuwa amefaulu mtihani wa uwakili lakini akanyimwa leseni kwa sababu ni mwanamke, na mwaka 1873 Mahakama Kuu ya Marekani ikaubariki uamuzi huo. Mwanamke asiyeruhusiwa kusimama mahakamani aliandika barua, akaita waandishi wa habari, akauliza maswali hadi daktari wa Batavia akachoka. Robert, akitafuta mtaalamu wa kumuunga mkono, aliomba ushauri kwa Andrew McFarland, yuleyule wa Jacksonville, naye akashauri bibi huyu asiruhusiwe kuondoka. Hata hivyo Septemba mwaka ule Mary alihamia kwa dada yake mjini Springfield, na Juni 1876 jopo jingine likamrudishia haki zake.

Kisa hiki cha pili kinaumiza zaidi, kwa sababu hakiruhusu furaha nyepesi. Elizabeth Packard aliamini kwamba jopo la raia ni ngao, na kwake lilikuwa ngao. Kwa Mary Lincoln utaratibu ulifuatwa na mwanamke hakusikilizwa. Nasema hivi kwa sababu mara nyingi fikra za wanaharakati wa haki za wanawake kuhusu tiba ya akili hufupishwa kana kwamba zinadai wazimu haupo, au kwamba kila mgonjwa mwanamke ni mke jasiri aliyefungiwa na mume dhalimu. Mary Lincoln aliumwa. Alihitaji msaada wa daktari na alihitaji pia kuulizwa. Hakuna sababu ya kumlazimisha achague kimoja.

Wanawake maskini hawakupata hata jopo la maana. Mwaka 1887 mwandishi wa habari kijana, Nellie Bly, alijifanya ana wazimu ili alazwe katika hospitali ya kisiwa cha Blackwell, New York, akakaa humo siku kumi kabla gazeti lake halijamtoa. Alikuta wahamiaji waliofungiwa bila mkalimani, wanawake ambao kosa lao lilikuwa kutokujua Kiingereza na kutokuwa na pa kwenda. Alipoacha kuigiza na kuzungumza kama kawaida yake, hakuna daktari aliyeona tofauti. Wanawake wa matabaka ya juu walikuwa na gereza lao jingine, lenye mito laini. Daktari Silas Weir Mitchell wa Philadelphia aliwalaza kitandani kwa majuma, akawalisha maziwa na nyama, akawakataza kusoma na kuandika. Mwandishi Charlotte Perkins Gilman alipewa tiba hiyo mwaka 1887 baada ya kuvunjika moyo kufuatia uzazi, akaambiwa asiguse kalamu maisha yake yote. Aliona anakaribia kurukwa na akili, akaiacha tiba, akaandika.

Karne moja hivi baada ya kesi ya Packard, Septemba 1970, mwanasaikolojia kijana Phyllis Chesler alipanda jukwaani Miami, katika mkutano wa American Psychological Association, akadai dola milioni moja ziwe fidia kwa wanawake waliodhuriwa na wataalamu wa akili: waliopewa dawa za kuwatuliza badala ya kusikilizwa, waliofungiwa, waliopigwa shoti za umeme bila ridhaa, waliotongozwa na watabibu wao. Ukumbi ulicheka. Chesler alirudi nyumbani akaandika kitabu, Women and Madness, kilichotoka mwaka 1972. Kati ya wanawake wanne ambao maisha yao yanafungua kitabu hicho, wa kwanza ni Elizabeth Packard. Karne iliyokuwa imemsahau ikamrudisha mezani.

Mwaka uleule wa 1970 ulitoka utafiti wa Inge Broverman na wenzake, ambao kwangu ni kielelezo bora cha jambo hili kuliko hotuba yoyote. Waliwauliza wataalamu 79 wa tiba ya akili, wanaume 46 na wanawake 33, waeleze sifa za mwanamume mwenye afya, za mwanamke mwenye afya, na za mtu mzima mwenye afya bila kutaja jinsia. Mtu mzima mwenye afya alifanana na mwanamume. Mwanamke mwenye afya alielezwa kuwa mtiifu zaidi, asiyejitegemea sana, mwepesi wa kuumia. Kwa hiyo mwanamke aliyejitegemea hakuwa mwanamke mwenye afya, na aliyekuwa mtiifu hakuwa mtu mzima mwenye afya. Zile sababu 15 za Dakta Brown zilikuwa bado hai, na safari hii hata wataalamu wanawake walizibeba.

Badiliko lililofuata halikuletwa na hotuba pekee. Lilifanywa na wanawake waliokwenda hospitalini kuuliza. Huko Boston, Ann Burgess, muuguzi, na Lynda Holmstrom, mwanasosholojia, waliwahoji wanawake waliofika chumba cha dharura baada ya kubakwa, na mwaka 1974 wakaandika kwamba hofu, ndoto mbaya na mwili kushtuka vina mpangilio wake na chanzo chake kinajulikana. Lenore Walker aliandika mwaka 1979 juu ya wake wanaopigwa. Yale ambayo vizazi vya madaktari viliyaita histeria, yaani maradhi ya mwanamke yanayodhaniwa kutoka ndani yake mwenyewe, yakaanza kuulizwa swali jingine: nani amemfanya nini?

Mabishano hayo yalifika mlangoni pa chama kilekile ambacho McFarland aliwahi kukiongoza. Mwaka 1985 kamati ya American Psychiatric Association iliyokuwa ikirekebisha mwongozo wake wa maradhi ya akili ilipendekeza kuingiza ugonjwa mpya wa tabia, wa watu wanaodaiwa kutafuta mateso wenyewe. Walker, mwanasaikolojia Paula Caplan na wengine walikwenda kupinga. Walisema mwanamke anayebaki kwa mume anayempiga, kwa sababu hana fedha au anaogopa kuuawa akiondoka, atapewa jina hilo, na litafika mahakamani mikononi mwa wakili wa mume siku ya kugombea watoto. Kamati ililibadili jina, ikaliweka kwenye kiambatisho mwaka 1987, na toleo la mwaka 1994 likalitupa kabisa.

Fikra hizi za wanaharakati wa haki za wanawake nazo zilikuwa na upofu wake. Kitabu cha Chesler na kisa cha Packard vinamweka mbele mke Mzungu wa tabaka la kati, anayejua kuandika na mwenye majirani wa kumsikiliza. Wanawake Weusi wa kusini mwa Marekani waliwekwa katika hospitali za ubaguzi ambako waliandikwa kidogo na wao wenyewe wakaandika kidogo zaidi. Historia yao bado haijaandikwa kwa ukamilifu inaostahili, na atakayeiandika hatakuta barua zilizofichwa za kumsaidia.

Illinois ilikuwa na hospitali ya serikali ya afya ya akili mjini Springfield iliyobeba jina la Andrew McFarland. Mwaka 2023 serikali ya jimbo ililiondoa jina hilo na kuipa hospitali jina la Elizabeth Parsons Ware Packard. Mgonjwa anayezuiliwa humo leo bila ridhaa yake, mwanamke au mwanamume, ana haki ya shauri lake kusikilizwa mahakamani, ana haki ya kuomba jopo la raia, na ana haki ya kuandika barua.